"Kwani mama anajua VLAN ni nini?": Enjenia wetu mnayemjua amenitusi mbele ya Mkurugenzi

Mama Raki (Lubumbashi)

Ndugu zangu, sitamtaja jina kwa sababu hakuna haja: ni yule Enjenia wa hapa mjini, mwenye begi jeusi lenye mifuko mingi kuliko vifaa vilivyomo, ambaye kila ofisi kuanzia katikati ya mji hadi Kamalondo imekwisha kumlipa mara moja na kumlaani mara mia. Leo asubuhi bwana huyo, akiwa ameshika karatasi ya mpango wa mtandao niliyoiandika mimi kwa mkono wangu, amemgeukia Mkurugenzi wetu, akacheka, akasema: "Papa Mkurugenzi, kwani mama anajua VLAN ni nini?" Hakuniuliza mimi. Alimwuliza Mkurugenzi, nami nimesimama hapo hapo kama kabati la mafaili.

Ofisi yetu hushughulikia karatasi za forodha, na karatasi zikichelewa madereva waliokwama mpakani Kasumbalesa hupiga simu kwa lugha ambayo siwezi kuiandika hapa. Ndiyo maana tulinunua swichi inayosimamiwa (kifaa cha kuunganisha kompyuta, chenye mipangilio ya kuwekwa) yenye milango 24, yaani matundu 24 ya kebo, ili tuugawe mtandao katika VLAN, yaani mitandao midogo iliyotengana ndani ya swichi moja, kila mmoja na namba ya kuutambulisha tu: uhasibu uwe kwenye VLAN 10, watu wa forodha VLAN 20, kamera VLAN 30, na wageni wanaosubiri kwenye viti VLAN 40. Yote hayo yalikuwa kwenye karatasi, pamoja na maelezo kwamba mlango wa 24 uwe tranki ya kwenda kwenye ruta, ukibeba VLAN zote nne kila moja na alama yake kwa kanuni ya 802.1Q, ambayo IEEE, chama cha wahandisi kinachotunga viwango, iliichapisha mwaka 1998, wakati Enjenia huyu pengine bado alikuwa anaogopa kugusa redio. Kazi yake ilikuwa kunakili tu.

Alipokuja mara ya kwanza aliunganisha kebo ya konsoli, ile ya kuingia moja kwa moja kwenye mipangilio ya swichi, akaona herufi za ajabu kwenye skrini, akamwambia Mkurugenzi kwamba mashine ililetwa na lugha ya Kichina ndani yake na kwamba kuitoa kuna gharama ya ziada. Nilimwonyesha kijitabu: konsoli ya swichi hii inazungumza kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, na yeye alikuwa ameweka 115200. Alibadilisha, Kichina kikatoweka, lakini gharama ya ziada ikabaki kwenye fakitira. Kisha akataka kujua kwa nini VLAN 30 ina kamera sita tu, na zile nyingine 24 ziko wapi. Mtu huyo ndiye anayeuliza kama mimi najua VLAN ni nini.

Mlango wa 24 aliuacha mlango wa kawaida ndani ya VLAN 10. Uhasibu ulipopata intaneti akatangaza ushindi, akaondoka, na idara nyingine zote zikabaki zikitazama skrini. Nilimwita kwa simu akarekebisha akiwa amenuna, halafu jioni umeme ukakatika, jambo ambalo Lubumbashi halimshangazi hata mtoto mchanga. Uliporudi, swichi ilikuwa tupu: kila mlango umerudi VLAN 1, yaani wote kwenye mtandao mmoja, nenosiri limekuwa lile la kiwandani, na mgeni mmoja aliyekuwa akisubiri mizigo yake amechapisha picha ya mbuzi anayemwuza kwenye printa ya uhasibu, kwa rangi, hadi karatasi zikaisha.

Basi leo amekuja, nami nikamwuliza kwa heshima zote: "Enjenia, ulihifadhi mipangilio?" Kwa maana swichi ya aina hii hufanya kazi kwa mipangilio iliyo kwenye kumbukumbu ya muda, na usipoipa amri ya kuinakili kwenye kumbukumbu ya kudumu, umeme ukizimika imekwenda. Hapo ndipo alipocheka na kusema yale maneno yake. Kisha akamweleza Mkurugenzi, uso umekauka kabisa, kwamba umeme wa mtaa wetu unakula VLAN, na akatoa fakitira ya pili. Unakula VLAN! Na karatasi yangu bado iko mkononi mwake, ameishika juu chini!

Kebo Fupi (Lubumbashi)

Pole, Mama Raki, lakini naona mjadala mzima umebeba jambo moja tu lisilojibiwa: kama karatasi ni yako, kijitabu umekisoma wewe, na kasi ya 9600 umeigundua wewe, Enjenia aliitwa kufanya nini, kubeba begi? Namfahamu bwana huyo. Kwetu alifunga lebo kwenye kebo zote za raki, lile kabati la vifaa vya mtandao, akaandika namba moja kwenye kila lebo, akasema hivyo ni rahisi kukumbuka.

Mama Raki

Aliitwa kwa sababu Mkurugenzi anaamini kwamba swichi haiwezi kuwaka bila mwanamume mwenye begi, na kwa sababu begi hilo ni la mtoto wa shemeji yake. Sikuja hapa kuulizwa maswali. Nimekuja kueleza kwamba mtu ameshika karatasi yangu na kuuliza kama najua kilichoandikwa kwenye karatasi yangu.

Mtu wa Kadutu (Bukavu)

Mama, siku nyingine mwambie kwamba algorithimu inayozuia vitanzi, yaani data kuzunguka bila mwisho, katika swichi nyingi duniani, ile ya STP, ilibuniwa mwaka 1985 na mwanamke, Radia Perlman, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital. Kisha mwangalie anavyomeza mate.

Hata hivyo, Enjenia wako ana nafuu. Wa kwetu Bukavu aliizima hiyo STP kabisa, akidai inachelewesha kompyuta kuwaka. Wiki iliyofuata mfanya usafi aliokota ncha ya kebo iliyolegea, akaichomeka kwenye tundu la karibu kwa nia njema, na ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi ile ile. Fremu za Ethernet, yaani vifurushi vya data kwenye kebo, hazina kihesabu cha kuziua zikizunguka, kwa hiyo tangazo moja, ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote, linazaa mengine bila kikomo, na taa zote za raki zikaanza kupepesa kwa pamoja hadi mlinzi akatoka nje akidhani kuna mashetani. Enjenia alipofika alimlaumu mfanya usafi.

Birere Usiku (Goma)

Kitanzi unakichomoa, jambo limekwisha. Njooni Goma mwone msiba wenyewe. Sisi tuliuziwa swichi ya PoE, ile inayopeleka umeme kwa kamera kupitia kebo ya mtandao, yenye milango 24 na fundi akatundika kamera 24, mlango kwa kamera, akasema hesabu imetimia. Mchana zote zinaonyesha vizuri, usiku zinazimika moja baada ya nyingine, yaani zinalinda ghala wakati wezi wamelala. Kanuni ya 802.3af ya mwaka 2003 inaruhusu mlango kutoa hadi wati 15.4, lakini swichi yetu nzima ina bajeti ya wati 190. Mchana kila kamera inakula wati 5, jumla 120; usiku inapowasha taa zake za infraredi za kuonea gizani inapanda hadi 9, jumla 216. Fundi alituambia kwamba kamera zinaogopa giza.

Mtu wa Kadutu

Ndugu wa Birere, hilo si bajeti. Mafundi wengi wanavuta kebo za alumini zilizopakwa shaba, ambazo zina ukinzani mkubwa, na umeme unaishia njiani. Pima urefu pia, kwa sababu ukipita mita 100 hata data yenyewe haina uhakika wa kufika.

Kebo Fupi

Kadutu amesema kweli kuhusu alumini. Ikunwe kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani, umeibiwa.

Mama Raki

Nawaomba tafadhali. Mimi hapa ninangojea Enjenia arudi saa nane kuweka upya kile ambacho umeme umekila, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nimjibu nini akisema tena yale maneno.

Kebo Fupi

Usimjibu. Mwache afanye kazi, akimaliza hifadhi mwenyewe, nakili mipangilio kwenye kompyuta yako, kisha badilisha nenosiri na usimpe. Birere, kebo ni za alumini au si za alumini?

Birere Usiku

Si za alumini, nimezikuna zote, na ndefu kuliko zote ina mita 60. Kwenye ukurasa wa PoE swichi yenyewe inaandika kwamba imenyima mlango umeme kwa sababu bajeti imejaa. Kadutu, fungua ukurasa huo kwenye swichi yako kabla ya kunijibu tena.

Mtu wa Kadutu

Ningeufungua, ila nenosiri analo Enjenia.