Arobaini ya baba: niseme nini mbele za watu?

Wakuu, Jumamosi ni arobaini ya baba, nimepewa dakika tano nimwelezee. Jioni alikuwa uwanjani Mwembe Yanga na vijana, saa moja usiku yuko mkekani nasi. Asiporudi, mama hafunui sufuria. Wengi humu aliwafundisha mpira. Nisaidieni.

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Taja ile sindano ya kushonea magunia! Mpira ukipasuka aliushona pembeni, huku anakuuliza daftari la hesabu liko wapi. Bila daftari huchezi.

Jibu: Mimi alinilipia nauli ya daladala kidato cha pili chote, kimyakimya. Naomba mama alijue hilo.

Muulizaji: Nimemsomea, analia. Kumbe alijua, ilitoka kwenye hela yake ya vitumbua.