Nimetoka nje ya njia wakati wa kutua: kosa ni upepo au ni mimi?

Mwanagenzi172:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni Mtanzania, nasomea urubani hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nina saa 31 za kuruka. Juzi tulikuwa kwenye mizunguko (kupaa, kuzunguka uwanja na kutua tena) na ndege ndogo ya Cessna 172, njia 07, yaani inayoelekea nyuzi 070, upepo unatoka nyuzi 030, kasi yake noti 14 (maili za baharini kwa saa). Nilifika mwanzo wa njia na noti 75 wakati mwalimu alishasema 65. Ndege ikaelea weee, nikachoka kusubiri, nikaikandamiza chini. Nikapumua, nikaachia usukani nikijua kazi imekwisha. Mara pua inakwenda kushoto yenyewe! Nikakanyaga pedali ya kulia kwa nguvu zote, tukachepuka kulia kama mbuzi aliyekata kamba, tukaishia majanini. Hatukuumia, ila taa moja ya ukingoni tuliibomoa. Mwalimu hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma. Kitabu kinasema 172 imejaribiwa hadi noti 15 za upepo wa ubavuni. Sasa?

TairiLaNyuma:
Pole kijana. Upepo unausingizia. Huo upepo ulitoka nyuzi 40 pembeni mwa njia, kwa hiyo uliokusukuma ubavuni ni kama noti 9 tu.

Mkia wa ndege ni kama bendera: upepo wa kushoto unausukuma kulia, pua inageukia kushoto. Na kwa kasi ile mabawa yalikuwa bado yameibeba ndege. Ulipoikandamiza, uzito ukalalia gurudumu la mbele, magurudumu makubwa yakawa mepesi. Umewahi kusukuma toroli la zege mbiombio? Ndiyo hiyo. Ungeongeza moto wa injini, ukapaa ukazunguka tena, hakuna aliyekukataza.

Usukani usiachie ukishagusa. Uelekeze upande wa upepo, na uzidishe kadiri kasi inavyopungua mpaka ufike mwisho. Mimi nilianzia Piper Cub, ndege yenye gurudumu dogo mkiani, ambayo uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa. Ikianza kugeuka inataka kumaliza duara. Yako uzito uko mbele ya magurudumu hayo, ukiiacha ikae vizuri inajinyoosha.

Kinachonitatiza ni huko kuchepuka kulia. Vidole vyako vya miguu vilikuwa wapi?

BiKipepeo:
Visigino sakafuni, mdogo wangu. Mimi mwalimu alinivua viatu, nikatua na soksi asubuhi nzima. Nilinuna, lakini sijawahi kugusa breki bila kujua tena.

Mwanagenzi172:
Shikamoo mzee TairiLaNyuma, na asante dada. Leo nimekwenda kukaa kwenye ndege imezimwa, nikakanyaga pedali kama siku ile. Vidole viko juu kabisa, kwenye breki. Nikamwambia mwalimu. Akatoa simu, akanionyesha picha aliyopiga juzi ileile: kwenye lami kuna mstari mweusi wa tairi moja tu, la kulia. Alikuwa ananisubiri.

Kesho saa moja asubuhi tunarudi kwenye mizunguko. Soksi nimeshafua.