Wete: antena nne juu ya bati zitainasa Meteor ikiwa chini?

Swali (Wete)
Assalamu alaykum wakuu. Napokea picha za hali ya hewa za satelaiti ya Urusi, Meteor-M N2-4, 137.9 MHz. Antena ni V-dipole (fimbo mbili zilizotanuka kama herufi V), kila mkono sm 53, iko sm 54 juu ya bati. Chini yake busta ya kukuza mawimbi, kisha mita 20 za waya wa antena wa RG-6 hadi kwenye RTL-SDR (risiva ndogo ya USB) na programu ya SatDump kwenye kompyuta. Satelaiti ikipita nyuzi 30 juu ya upeo wa macho picha ni safi, ikiwa chini ya hapo ni mistari myeusi tu. Nataka kufunga antena nne na kuziunganisha kwenye spliti moja. Ziachane kiasi gani?

Jibu 1
Waalaykum salaam. Shekhe, usizifunge hivyo. Wimbi lina urefu wa m 2.17, na kawaida antena huachana nusu yake, m 1.09. Tuseme mbili zimepangwa kaskazini na kusini. Satelaiti ikitokea kusini kwa nyuzi 20, wimbi linaigusa ya kusini kwanza, halafu linakwenda m 1.02 zaidi ndipo liifikie ya pili. Hiyo ni tofauti ya fezi (hatua ya wimbi ndani ya mzunguko wake wa nyuzi 360) ya nyuzi 169 hivi. Ukizijumlisha kwa waya zilizo sawa, zinauana! Zitasaidiana satelaiti ikiwa utosini, umbali wa km 820, ambako huna shida. Kwenye nyuzi 10 iko mbali km 2,400, umeshapoteza zaidi ya desibeli 9 za nguvu ya mawimbi, na safu yako ya antena ndiyo inakuongezea hasara.

Safu ya kweli hutaka kila antena iwe na risiva yake, fezi zipangwe ndani ya kompyuta wakati satelaiti inatembea. RTL-SDR nne za kawaida hazitoshi: kila moja ina kristali yake ya 28.8 MHz ya kuipigia mapigo, na fezi zinahama. Zilishe zote mapigo ya kristali moja. Hata hivyo USB haizianzishi kwa pamoja, kwa hiyo kila ukiwasha upeleke kelele ya chanzo kimoja kwenye risiva zote, upime tofauti, uzirekebishe. Risiva ya KrakenSDR ina chaneli tano na chanzo hicho kimo ndani.

Jibu 2
Nyongeza ya waya. Kata zote kwenye roli moja: ndani ya RG-6 ya povu sm 10 za tofauti ni nyuzi 20 za fezi. Spliti ya dishi inayoanzia 950 MHz haifai kwa 137. Na chumvi ya bahari haina huruma: ukifungua konekta ukaona unga wa kijani kwenye shaba au mweupe kwenye alumini, kata kipande hicho, usikwangue. Zungushia tepu ya mpira inayojigandisha, na waya ushuke kidogo kabla ya kuingia ndani, maji ya masika yadondokee hapo.

Jibu 3
Mimi ningeanza na bati, si na safu. Sm 54 juu ya bati, mawimbi ya nyuzi 20 yanapokelewa desibeli 6 hivi chini ya yale ya utosini. Ukiinua hadi m 1.09 huku chini kunapata nafuu, ila utosini panakuwa na shimo. Itoe kabisa juu ya paa, ipeleke kwenye mlingoti uwanjani, na badala ya V jenga QFH (antena ya waya zilizosokotwa kama skrubu) ya mzunguko wa kulia. V hupoteza desibeli 3 kwa sababu Meteor hutuma wimbi linalozunguka. Kabla ya busta weka filta ya kuzuia FM. Kisha zima taa za LED na chaja ya sola moja moja ukitazama kelele kwenye skrini. Kelele ikishuka ghafla, mchawi ndiye uliyemzima.