Mjadala: Eti Nyanda za Juu Kusini tujengewe "Mirembe yetu"? Mimi napinga, njooni tubishane

Wadau, kuna hoja nimeisikia sana huku Mbeya, kwamba kanda yetu inyanyue sauti serikali itujengee hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili kama ile ya Mirembe, Dodoma, ili ndugu zetu wasisafirishwe mbali. Uchungu wa hiyo hoja naujua. Kumtoa mtu Kyela au Makete amechafukwa akili, umpandishe basi mpaka Iringa halafu mkate Mtera kwenda Dodoma, abiria wanamkodolea macho na wengine wanataka ashushwe, hiyo adha simuombei mtu. Ila dawa yake sio kujenga geti lingine kubwa.

Tuangalie hizi hospitali zilianzaje. Mirembe ilifunguliwa 1927 enzi za Mwingereza, na wakati huo duniani hakuna hata kidonge kimoja cha kuzizima sauti anazosikia mgonjwa, klopromazini, dawa ya kwanza ya aina hiyo, ilianza kutumika Ufaransa 1952, sasa jiulize hiyo miaka yote katikati kazi ya hospitali ilikuwa nini kama sio kumtoa mtu mtaani tu akae mahali. Majirani zetu wa Malawi ndio kabisa, Zomba ilianza 1910 ikiwa imeshikizwa kwenye gereza. Ukijenga jengo kwa ajili ya kuondoa watu mbele ya macho, litaondoa watu mbele ya macho, hata ukilipaka rangi mpya na kubadilisha kibao.

Mtaniambia enzi zile zimepita na sasa kuna madaktari bingwa. Kweli, na wauguzi wa Mirembe nawaheshimu sana, wanabeba mzigo wa nchi nzima. Lakini mgonjwa anatulia pale, anaruhusiwa, anarudi kijijini Rungwe, zahanati haina ile sindano anayochomwa kila mwezi ili ugonjwa usirudi, duka la dawa ni Tukuyu mjini na nauli hakuna, baada ya muda anarudi palepale. Ndugu wanachoka. Wengine wanaacha kumfuata kabisa, na hilo mimi nimeliona kwenye ukoo wetu, mjomba alikaa hospitali muda mrefu kuliko ugonjwa ulivyotaka kwa sababu nyumbani hakuna aliyejiandaa kumpokea. Hospitali ya karibu isingemsaidia kwa hilo.

Sasa wale mnaosema basi hizi kubwa zifungwe zote, nanyi naomba mtulie. Marekani mwaka 1955 walikuwa na wagonjwa zaidi ya laki tano na nusu kwenye hospitali za majimbo, dawa zikaja, Kennedy akasaini sheria 1963 ya kujenga vituo vya afya ya akili kwenye jamii, hospitali zikaanza kumwaga wagonjwa nje ila vituo vingi vilivyoahidiwa havikujengwa, watu wakaishia barabarani na magerezani. Na Afrika Kusini hapo ni juzi tu, jimbo la Gauteng lilivunja mkataba na Life Esidimeni, kampuni iliyokuwa inawatunza wagonjwa wake wa akili, mwaka 2016 wagonjwa zaidi ya 1,000 wakahamishiwa kwenye vijumba vya mashirika ambayo hayakuwa na uwezo, watu 144 wakafa, wengine kwa njaa na kukosa maji. Kwa njaa jamani! Nikilikumbuka hilo siwezi kukaa kimya mtu akisema "funga tu".

Njia ipo na Mwafrika aliishaipita. Dk. Lambo kule Aro, Abeokuta, Nigeria, 1954, aliwaweka wagonjwa kwenye vijiji vya jirani pamoja na ndugu yao mmoja, wanalala kijijini, mchana wanakwenda hospitali kutibiwa. Hata sisi baada ya uhuru tuliwahi kuwa na vijiji vya wagonjwa wanaolima na kufuga huku wanaangaliwa, sijui kwa nini leo hata hatuvitaji. Na Trieste, Italia, daktari Basaglia kabla ya kufunga hospitali ya akili alitangulia kufungua vituo mtaani, ndipo sheria ya 1978 ya kuzifunga hospitali hizo ikaja.

Kwa hiyo tukipata nafasi ya kudai, tudai vitanda vichache vya akili kila hospitali ya wilaya, Mbozi, Chunya, Ludewa, Mufindi kote, muuguzi wa akili mwenye pikipiki na mafuta, na dawa zisikatike. Mirembe ibaki kwa wale wazito kweli na wa kesi za mahakamani kule Isanga, kitengo chake cha wagonjwa wenye kesi.

Unayetaka jengo kubwa hapa Mbeya nijibu hili moja: mgonjwa wako akiruhusiwa leo kurudi Ipinda, baada ya miezi mitatu sindano yake anaipatia wapi, na nani anampigia hodi asipotokea?