Nimelipia kadi nene za biashara za GSM 600 (kipimo cha uzito wa karatasi), nimepewa za 300 zilizovishwa plastiki. Wachapaji, huu ni wizi

Wakuu, habari za saa hizi.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jina la duka silitaji hapa kwa kuwa nimeshawapelekea barua ya madai na nasubiri majibu yao. Lakini mchezo wenyewe lazima niuanike, maana tangu yanikute, kila mfanyabiashara ninayemsimulia ananitolea kadi yake mfukoni na tunakuta ni yale yale.

Nina karakana ya fanicha Keko, Dar es Salaam. Milango, vitanda, meza za kulia, kazi ya mninga na mkongo. Wateja wangu wakubwa ni wakandarasi, wachora ramani za majengo na watu wanaomalizia nyumba zao. Hawa hawanunui kwa maneno. Anagonga ubao, anapitisha kidole kwenye kona, anafungua na kufunga droo, ndipo anauliza bei. Mtu wa aina hiyo ukimpa kadi iliyolegea ameshakuweka kwenye fungu la mafundi wa bei chee kabla hujafungua mdomo. Ndiyo maana nilipoamua kuchapisha kadi za biashara kabla ya maonyesho ya Sabasaba nilikuwa najua ninachotaka: kadi nene, ngumu, upande mmoja kahawia iliyokolea, upande wa pili mweupe wenye jina na namba. Bei waliyonitajia ilikuwa mara nne ya kadi za kawaida. Nikakubali bila kuomba punguzo, kwa sababu kitu kizuri kina gharama yake na mimi mwenyewe ninaishi kwa kuwaambia watu hivyo.

Dada wa kaunta alinipa sampo. "Hii ndiyo GSM 600, kaka, shika mwenyewe." Nikashika. Kweli ilikuwa kadi. Ukiigonga mezani inalia, ukiikunja haikubali. Oda ikaandikwa: kadi nene, 600, mati (plastiki isiyong'aa) pande zote mbili. Nikatoa advansi.

Siku ya kuchukua mzigo nikafungua boksi, nikatoa kadi moja, nikaibana kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikapinda kama haina mwenyewe. Nikauliza hii ndiyo 600? Jibu: "Ndiyo hiyo hiyo boss, ikishapigwa mati huwa inalainika."

Wakuu, huo ni uongo mtupu. Ile plastiki ya mati inayogandishwa juu ya karatasi huongeza ugumu, haiupunguzi. Mtu anayefanya kazi hiyo kila siku analijua hilo kuliko mimi. Alinijibu vile akiamini kwamba mteja hana namna ya kupima. Namna ipo, na ndiyo sababu kubwa ya uzi huu.

GSM ni gramu za karatasi yenye ukubwa wa mita moja ya mraba. Basi. Karatasi ya fotokopi ni 80 au 70. Kadi za kawaida za mjini huwa 300 mpaka 350. Sasa chukua kadi ya milimita 90 kwa 55, saizi ambayo maduka mengi hapa Dar wanaitumia. Panga kadi 100 na utapata karibu nusu ya mita moja ya mraba. Kwa hiyo weka kadi 100 kwenye mzani, uzito utakaouona zidisha kwa mbili, hiyo ndiyo GSM yako. Hakuna haja ya mtaalamu wala maabara.

Nilichukua mzani wa dijitali ambao mke wangu anapimia unga wa keki. Kadi 100: gramu 174. Zidisha kwa mbili, 348. Halafu toa plastiki, kwa sababu mati ya pande mbili ina uzito wake, takriban gramu 50 kwa mita ya mraba. Inabaki kama 300. Walinipa atikadi (karatasi ngumu iliyopakwa) ya 300, ile ile wanayochapia kadi za mialiko ya send-off, wakaivisha plastiki na kunitoza bei ya 600. Kadi 100 za 600 halisi zingekuwa karibu gramu 300 kabla hujaongeza hata hiyo plastiki.

Asiye na mzani atumie kadi yake ya benki. Kadi za benki dunia nzima zina unene wa milimita 0.76, ni kipimo cha kimataifa. Kadi nene ya 600 inatakiwa isogee jirani na hapo. Ziweke sambamba mezani, pitisha ukucha kutoka moja kwenda nyingine. Kama ukucha unadondoka kama umeshuka ngazi, umepigwa.

Kwa nini wanafanya hivi? Kwa sababu mashine nyingi za dijitali zilizoko mitaani, zile wanazoziita za kisasa, zinaishia karatasi ya gramu 300 au 350, chache zinafika 400. Ukipitisha nene zaidi ya hapo inakwama. Mwenye mashine hiyo akikuambia anachapa 600 moja kwa moja, muulize inapitia wapi. Njia halali ipo na inajulikana: unachapa karatasi mbili za 300, unazigandisha mgongo kwa mgongo, unaziweka chini ya uzito mpaka gundi ikomae, ndipo unakata. Wengine wanaweka karatasi ya rangi katikati ili ukingo utokee na mstari mwekundu au mweusi. Kampuni ya MOO ya Uingereza ina kadi za Luxe za GSM 600 ambazo ni tabaka nne zilizogandishwa, na ule mstari wa rangi ubavuni ndio watu wanaupenda. Sio uchawi. Ni gundi nzuri, muda, na kisu kikali. Vitatu hivyo ndivyo wenzetu wanavyovikwepa.

Na sampo ile niliyoshikishwa? Kijana mmoja wa ndani aliniambia pembeni kwamba haikuchapwa pale. Ililetwa kutoka nje, inakaa kaunta kuvutia wateja. Hapo ndipo damu ilinichemka. Kunishikisha kazi ya mtu mwingine ili nilipie yako! Mimi nikiweka mlango wa mkongo dukani halafu nikakupelekea wa MDF (ubao wa unga wa mbao) uliopakwa rangi, utaniita jina gani?

Baada ya kelele wakakubali kurudia. Nikasema sawa, makosa hutokea. Wakaleta zilizogandishwa. Safari hii unene ulikuwepo. Lakini walitumia gundi ya kupuliza ya kopo, wakakata papo hapo kabla haijashika, na kwa joto la Dar na unyevu wake kadi zikaanza kufumuka kwenye kona kama plywood iliyolala nje ya duka msimu wa masika. Unaingiza ukucha, unaichana kadi vipande viwili. Kingo nazo zilikuwa zimechanika vinyuzi vyeupe, dalili ya kisu butu au rundo kubwa mno kukatwa kwa mkupuo mmoja. Juu ya kahawia iliyokolea, vinyuzi hivyo vyeupe vinaonekana kutoka hatua tatu.

Nilipolalamika wakageukia dizaini. Eti faili langu ndilo baya. Basi nalo tuliseme. Faili lilitengenezwa na kijana anayejua kazi yake: PDF, rangi za CMYK (rangi nne za uchapaji), picha kwa 300 dpi (nukta 300 kwa inchi), herufi zote zimegeuzwa kuwa michoro ili fonti zisibadilike, na ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatia. Maandishi yote yameingizwa ndani milimita 5 kutoka ukingoni. Wao walilifungua kwenye programu yao, wakalikuza "lijae vizuri", namba ya simu ikasogea hadi kukaribia kukatwa. Ushahidi ninao, faili la kwanza na kadi yenyewe. Unene wa karatasi unaharibiwaje na faili?

Kwa wale wanaotaka kutengeneza kadi sasa hivi, yafuatayo niliyahakikisha kwa kuuliza wachapaji wa kweli na kwa kushika kazi zao, ili msiishie nilipoishia.

Mati juu ya rangi nyeusi au iliyokolea sana inapendeza siku ya kwanza tu. Ikikaa kwenye pochi pamoja na funguo inajaa mikwaruzo, na kila kidole kinaacha alama. Kama lazima iwe nyeusi, omba plastiki isiyokwaruzika kwa urahisi, ipo japo ni ghali kidogo. Ile laini kama mahameli ni tamu mkononi lakini nayo inashika mafuta ya vidole. Halafu kuna jambo watu hawalifikirii: plastiki haishiki wino wa kalamu. Wateja wetu wanapenda kuandika kwenye kadi, bei, namba ya pili, "njoo Jumanne". Mimi safari ijayo upande mweupe nataka karatasi tupu, bila mati wala kung'aa. Kwenye kadi nyembamba, kuvisha upande mmoja tu kunaifanya ijikunje, hasa huku pwani, lakini kwenye kadi nene iliyogandishwa sawasawa haisumbui. Hiyo ndiyo faida ya unene ambayo hakuna duka lililonieleza.

Weusi nao una mambo yake. Eneo kubwa la nyeusi likichapwa kwa wino mweusi peke yake linatoka kama kijivu kilichopauka, inabidi lichanganywe na rangi nyingine chini yake. Maandishi madogo ni kinyume: yachapwe kwa nyeusi tupu, maana yakichanganywa rangi nne na mashine ikacheza kidogo, kila herufi inapata kivuli. Msipokee maelezo ya "itakaa sawa". Waambie wachape nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ile ile itakayotumika, uishike, uisaini, ibaki kwako. Rangi ya kwenye simu usiiamini, kioo kinatoa mwanga, karatasi haitoi.

Namba ya simu isiwe chini ya pointi 8. Wenye pesa za kununua meza ya kulia ya mninga wengi wao wameshavuka miaka hamsini, hawana muda wa kutafuta miwani. Kuhusu herufi za rangi ya dhahabu, na kule kuvimbisha jina, na vanishi inayong'aa juu ya nembo: chagua kimoja.

Sasa kwenye haki zetu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema wazi: ukiuza kwa sampuli, mzigo lazima ulingane na sampuli, ukiuza kwa maelezo, lazima ulingane na maelezo, na ukiuza kwa vyote viwili, haitoshi kulingana na kimoja. Mimi nilionyeshwa sampo na nikaandikiwa 600. Wamekosa kote. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na FCC (Tume ya Ushindani) wapo kwa kazi hiyo. Tatizo linakuja kwenye ushahidi. Wengi tunaondoka na kikaratasi chenye "B/card" na jumla ya pesa. Nilipodai risiti ya EFD (mashine ya kodi) nikaambiwa mtandao uko chini. Nikasimama pale pale kaunta mpaka ukapanda. Dai risiti, na GSM iandikwe kwenye oda kwa tarakimu, pamoja na saizi na neno "imegandishwa tabaka mbili". Wakikataa kuandika, ujue tayari wanajua watakachokufanyia.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini ameandika kwamba nalalamikia "vitu vidogo", na kwamba siku hizi kila mtu anatumia WhatsApp. Mkuu, kwenye banda la Sabasaba pale barabara ya Kilwa mteja ana mifuko mikononi na watoto wanamvuta. Hawezi kusimama akusevu namba. Anachukua kadi, anaitia mfukoni, anakukumbuka nyumbani. Pia sikulipia kitu kidogo. Nililipia kitu kilichotajwa kwa gramu.

Mwingine anasema GSM zinazidiana unene hata zikilingana namba. Ni kweli, karatasi isiyopakwa inaweza kuwa nene kuliko iliyopakwa ya GSM ile ile, ndiyo maana nimetumia mzani na siyo macho. Uzito haubishani. Gramu 174 hazigeuki 300 kwa sababu ya aina ya karatasi.

Ninachoomba kwenu: anayemjua mchapaji hapa Dar, au hata Arusha au Mwanza, anayegandisha kwa gundi ya maana na kusubiri ikauke kabla ya kukata, aniwekee mahali alipo. Nipo tayari kulipa bei yake, nitakwenda na mzani wangu, na kadi 100 za kwanza zitapimwa mbele yake. Na wewe unayesoma hapa ukiwa na boksi la "600" dukani kwako, lipime leo uandike hapa umepata gramu ngapi na uliambiwa ni ngapi. Majina ya maduka msiyaweke, wekeni namba tu.