Ulinganisho: Baiskeli kwenye ndege kutoka Tanga. Iende kama begi, ipite kago, au niiache nyumbani?

Mwalimu wa Raskazone

Wakuu, habari za jioni. Likizo ya mwezi wa sita, Inshaallah, nasafiri kwenda Uingereza kwa dada yangu. Nataka niende na baiskeli yangu. Imeshanitoshea mwili, siti na usukani vimekaa ninavyopenda, na nikipanda nyingine kutwa nzima mgongo unauma. Ni ya gia, fremu ya alumini, ikiwa tupu ina kilo 13. Wengine mnaiona alfajiri njia ya Amboni na Mabokweni.

Nimeona njia tatu. Kuipakia kama mzigo wangu wa chini ya ndege. Kuituma kago. Au kuiacha na kununua mtumba kule kule. Halafu kuna suala la kuifikisha Dar kwanza: ndege ndogo ya hapa Tanga au basi?

Nimeuliza mawakala wawili wa tiketi. Mmoja kasema baiskeli haina shida, nitalipia kilo zikizidi tu. Mwingine kasema nijiandae na dola mia na zaidi kwenda, na nyingine kurudi. Sitaki kufika kaunta usiku na boksi langu ndipo nijue bei. Wenye uzoefu naomba mnisaidie.

Abuu Gia

Mwalimu, mawakala wako wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja alikuwa anazungumzia kampuni yake. Tatizo ni pale wakala anapochukua utaratibu wa kampuni moja akaufanya wa ndege zote.

Anza na vipimo, maana hapo ndipo pesa inapokatika. Begi la kawaida la kampuni nyingi ni kilo 23, na ukijumlisha urefu, upana na kimo lisizidi sentimita 158. Boksi la baiskeli kutoka dukani ni kama 140 kwa 80 kwa 20. Jumla 240. Maana yake hata baiskeli yako ingekuwa nyepesi kama unyoya, kwa kipimo imeshazidi. Kwa hiyo achana na "kilo zikizidi tu". Swali la kuuliza ni hili: kampuni hii inaisamehe baiskeli ule ukubwa, au inautoza?

Hapo kampuni zinagawanyika. Kuna zinazohesabu vifaa vya michezo ndani ya mizigo yako ya bure, mradi kilo zitoshe. Emirates na Qatar Airways ziko upande huo, na zote zinatoka Dar. Tiketi zao nyingi za kutoka Afrika zina mabegi mawili ya kilo 23, basi baiskeli inakula moja, nguo zinaingia la pili, hulipi kitu. Lakini soma tiketi yenyewe, kwa sababu tiketi ya bei ya chini inaweza kuja na mzigo pungufu.

Kundi la pili lina ada maalumu ya baiskeli, inayobadilika kwa njia unayoruka, na unalipa kwenda na kurudi. KLM na Turkish Airlines ni mifano. KLM wanataka uiandikishe si chini ya saa 48 kabla, kwa sababu nafasi za baiskeli kwenye ndege moja zina kikomo. Ukiibuka nayo siku ya safari wana haki ya kukuambia nafasi imejaa.

Kundi la tatu halina neno "baiskeli" kwenye utaratibu wake, linakutoza kama mzigo mkubwa, na kama kilo zimepita 23 linaongeza ya uzito juu yake. Hao ndio wa kuwaogopa. Unaweza kukuta boksi moja limetozwa mara mbili kwa sababu mbili tofauti.

Na kilo 32 ndio mwisho kwa mzigo mmoja karibu kila mahali, kwa ajili ya migongo ya wapakiaji. Usijaze boksi viatu na mchele wa dada.

Nyota ya Pwani

Naongezea kwa Abuu. British Airways nao wanaihesabu baiskeli kama begi la kawaida la kilo 23, ila boksi lisizidi sentimita 190 kwa 75 kwa 65. Hawaji Dar, wapo Nairobi, lakini nawataja kwa sababu ya ile 75. Boksi la dukani lenye kimo cha 80 halipiti! Lazima ulikate juu, au utoe matairi yote mawili ndipo fremu ikae chini. Kwa hiyo usiishie kwenye "baiskeli bure", soma na kipimo cha boksi.

Baharia wa Tongoni

Kuhusu Tanga hadi Dar, Mwalimu, ndege ndogo itoe akilini. Hizi Cessna Caravan zinazotua hapa mzigo wa bure kwa abiria ni kilo 15 kwa kawaida, na wanataka begi laini linalokubali kukunjwa. Mizigo inaingia kwenye tumbo dogo chini ya ndege. Boksi la mita moja na nusu litaingia wapi?

Na hata wangelikubali, tiketi ile ni mbali na tiketi yako ya Uingereza. Kilo 46 ulizopewa na kampuni kubwa hazihesabiki Tanga. Utalipa hapa kwa sheria za hapa.

Panda basi. Buti la basi kubwa linalala boksi bila shida. Muhimu nenda stendi siku moja kabla, ongea na ofisi ya basi, siyo wapiga debe, mpatane bei ya mzigo na upewe risiti yenye jina la mzigo: "baiskeli ndani ya boksi". Simama mwenyewe linapoingia, lilazwe juu ya mizigo mingine, upande wa gia ukiangalia juu. Kutoka hapa hadi Segera, halafu Chalinze, mpaka Dar, ni kilomita kama 350, na kila kituo buti linafunguliwa watu wanatupia magunia.

Mimi ningefika Dar siku moja kabla ya ndege. Basi likichelewa Chalinze hutaki uwe unakimbizana na kaunta ukiwa na boksi begani.

Dada Kago

Nafanya kazi ya kutoa na kutuma mizigo Dar, nizungumze kuhusu kago maana watu wengi wanadhani ni rahisi.

Kago ya ndege haitozwi kwa mizani peke yake. Wanapima ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, unagawa kwa 6,000. Lile boksi la 140 kwa 80 kwa 20 linatoa 224,000, ukigawa unapata kilo 37 na kidogo. Baiskeli yako na boksi lake labda ni kilo 18, lakini utatozwa 37, kwa sababu wanachukua namba kubwa kati ya hizo mbili. Kampuni za kutuma vifurushi vya haraka mara nyingi hugawa kwa 5,000, hapo inakuwa karibu 45.

Juu yake weka gharama za nyaraka, ukaguzi, utunzaji wa ghala, halafu forodha kule inakoshukia, kwa sababu mzigo wa kago haufiki na abiria, unafika peke yake na unahitaji mtu wa kuutoa. Na kurudi ni hivyo hivyo. Kago ina maana kwa mtu anayehama, au anayetuma baiskeli tano pamoja. Kwa mtu mmoja anayekwenda likizo na kurudi, hata ile ada ya kundi la pili kwa Abuu mara nyingi itakuwa nafuu. Nasema hivi na kago ndiyo inayonilisha.

Binti Makorora

Mwalimu, mimi nipo Uingereza mwaka wa nne sasa. Ningekuwa wewe ningeiacha nyumbani. Baiskeli za mtumba huku zipo tele, watu wananunua wanapanda miezi michache wanatupa stoo. Ukinunua nzuri, ukiondoka unaiuza, unachopoteza ni tofauti ndogo tu. Huna habari ya boksi, huna habari ya kaunta, na treni unapanda ukiwa na begi lako moja.

Abuu Gia

Binti, kwa mtu anayetaka kuzunguka mtaani uko sawa kabisa. Ila Mwalimu kaeleza sababu yake: mgongo. Baiskeli ya mtumba unayoipata wiki ya kwanza ni ile iliyopo, siyo ile inayokutosha. Atatumia siku za likizo kuitafuta, kuirekebisha, kubadilisha siti, na mwisho kuiuza kwa haraka kwa sababu ndege inaondoka. Na kama yuko kwenye kampuni isiyomtoza, analinganisha bure na gharama.

Binti Makorora

Hapo nakubali. Kama ni bure aje nayo. Kama ni ada kwenda na kurudi, bado nasimama kwenye mtumba.

Mwalimu wa Raskazone

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Nina maswali mawili. Kwanza, shemeji ana baiskeli ya betri na ametamani tuongozane, itawezekana? Pili, ikivunjwa huko chini ya ndege nani analipa?

Nyota ya Pwani

Ya betri hapana. Betri ya lithiamu mwisho wake kwa abiria ni saa-wati 100 (Wh, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), na kati ya 100 na 160 kwa ruhusa ya kampuni. Betri za baiskeli huwa 300, 400, 500 na kuendelea. Fremu inaweza kwenda, betri inabaki, na bila betri anasukuma chuma kizito. Vile vichupa vya gesi vya kujazia upepo navyo viache, chukua pampu ya mkono.

La pili: safari za kimataifa nyingi zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999. Mzigo uliopakiwa ukiharibika au kupotea kampuni inawajibika hadi kikomo fulani kwa abiria, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni SDR 1,519 (SDR ni kizio cha fedha cha IMF), karibu dola elfu mbili. Hicho ni kikomo cha mizigo yako yote kwa pamoja. Kama baiskeli ina thamani zaidi, unaruhusiwa kutangaza thamani yake unapokabidhi na kulipa nyongeza.

Kinachowaponza watu ni muda. Uharibifu lazima uripotiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu upokee mzigo, na mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu uupokee. Fungua boksi pale pale uwanjani kabla hujatoka, hata kama umechoka. Piga picha kabla ya kufunga Tanga na baada ya kufungua kule, pamoja na namba ya fremu. Picha hizo na risiti zitakufaa pia ukirudi, ukiulizwa kama baiskeli umeinunua nje.

Fundi wa Ngamiani

Salaam Mwalimu. Nimefunga nyingi za wageni wanaopita hapa. Asilimia kubwa ya kuvunjika ni ufungaji mbovu.

Toa pedeli zote mbili, na kumbuka ya kushoto inafunguka kinyume. Teremsha siti yote. Legeza usukani, uzungushe ulale sambamba na fremu. Tairi la mbele litoke likae ubavuni, na katikati weka sponji ili ekseli isitoboe fremu. Kwenye uma wa mbele, pale tairi lilipotoka, weka kipande cha mti au plastiki ngumu kati ya miguu miwili. Boksi likikanyagwa, uma ukiwa mtupu unakunjana. Kama breki ni za diski, tia kipande cha kadibodi kati ya pedi, usije ukaguswa mkono wa breki njiani pedi zikabanana.

Kitu cha kwanza kuharibika ni kile kichuma kidogo kinachoshika gia ya nyuma. Fungua gia nzima, izungushie kitambaa, ifunge ndani ya fremu kwa tai za plastiki. Nitakupa kichuma cha akiba, ni kidogo lakini ukikikosa kule likizo imeisha.

Upepo punguza, usitoe wote. Watu wanaogopa tairi kupasuka angani, lakini sehemu ya mizigo ya ndege kubwa ina hewa kama ya abiria, shinikizo linalopungua ni dogo. Tairi tupu kabisa linaacha rimu bila kinga. Ila wakikuamuru kaunta ulitoe, toa.

Kupima: panda mizani ya nyumbani ukiwa umebeba boksi, kisha bila boksi, toa. Lenga kilo 20, usilenge 23, mizani za uwanjani hazibembelezwi.

Abuu Gia

Fundi umemaliza. Mwalimu, ongeza moja kabla hujalipa tiketi: tazama nani anayerusha kila kipande cha safari. Tiketi inaweza kuwa na jina la kampuni moja na ndege ya pili ikawa ya kampuni nyingine, yenye sheria yake ya baiskeli. Waandikie barua pepe, uwaeleze vipimo vya boksi na kilo, namba za ndege zote, wajibu kwa maandishi. Chapisha jibu hilo ubebe. Mtu wa kaunta anayejibu "sijui hiyo" hubadilika akiona karatasi.

Na usitegemee maandishi ya zamani mtandaoni. American Airlines na Delta za Marekani zilikuwa zikitoza dola 150 kwa baiskeli kila upande, zikaiondoa ada hiyo mwaka 2019, mpaka leo kuna kurasa zinaitaja kama ipo.

Mwalimu wa Raskazone

Nimeelewa. Kago nimeifuta, ndege ndogo nimeifuta. Nitawaandikia kampuni mbili zile zisizotoza, atakayejibu kwa maandishi ndiye nitakayekata tiketi yake. Wote wakikataa, Binti Makorora jiandae kunitafutia mtumba wa kimo changu.

Fundi, boksi la 80 nimeliona dukani. Unaweza kulishusha hadi 75?

Fundi wa Ngamiani

Linashuka. Usilinunue hilo, ninalo moja lisilokunjika pembe. Njoo Alhamisi baada ya alasiri na baiskeli, na uje na vipimo vya kampuni vilivyoandikwa, nikate mara moja.

Binti Makorora

Nitumie urefu wa mguu wako kwa ndani, Mwalimu, nianze kutazama mapema.