Kanda za bekapu, labda zikiwa nzima, zimepondwa kwa sababu ya EIO. Nani alibuni huu upuuzi?

Wakuu, uzi huu naufungua nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie. Usiku wa tatu huu niko mbele ya tepu draivu, na leo ndiyo nimejua kwamba kanda mbili tulizopeleka kupondwa wiki iliyopita huenda hazikuwa na kosa lolote.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikabidhiwa kanda 14 za LTO (aina ya kanda za sumaku za kuhifadhia data) zenye bekapu za zamani. Aliyezirekodi hayupo tena kazini, na kwenye vibandiko kaandika tarehe basi. Saizi ya bloki, yaani kipande kimoja cha data kinachoandikwa kwa mkupuo, hakuna. Naingiza ya kwanza, nasoma kwa tar, programu ya kufungasha na kufungua bekapu: EIO, kosa la jumla la kusoma au kuandika. Ya pili: EIO. Mkuu wa kitengo akatamka palepale, "Hizo zimekufa, ziondoeni." Zikaondolewa, nami nimesimama kama mlingoti, sikubisha. Ukiona EIO unafikiri nini? Unafikiri mkanda umeliwa na ukungu, au kichwa cha kusomea kimechakaa.

Ya tatu nikagoma kuitoa. Nikakuta draivu ilikuwa imeachwa kwenye modi ya bloki za saizi moja, baiti 512. Nikapiga mt setblk 0 (mt ni amri ya kuendesha draivu) ili ipokee bloki ya saizi yoyote, nikasoma upya. Kosa likabadilika, sasa ni ENOMEM. Kumbukumbu haitoshi! Seva ina RAM ya GB 64 na haina kazi nyingine usiku ule. Mwenzangu mmoja, na hakuwa anatania, akashauri tuongeze RAM. Simlaumu hata kidogo, maana ndivyo skrini ilivyosema.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinatokea. Tar ukiiacha na mazoea yake huomba baiti 10,240 kwa mkupuo. Kanda zetu zilirekodiwa kwa bloki za baiti 262,144. Na tepu si diski, huwezi kumega kipande cha bloki sasa halafu ukarudi kumalizia kilichobaki. Ukiomba pungufu, draivu inakupa kiasi ulichoomba, kilichozidi kinapotea, na mkanda unakuwa umeshaivuka bloki ile. Halafu draivu inatoa taarifa, tena taarifa safi kabisa! Inarudisha CHECK CONDITION, yaani "kuna jambo, soma ripoti", na kwenye ripoti yake ya SCSI, lugha ya draivu na kompyuta, inawasha biti ya ILI, maana yake urefu ulioomba haulingani na urefu wa bloki. Inaongeza na tofauti yenyewe: 10,240 kutoa 262,144, yaani hasi 251,904. Hesabu imeshakufanyia! Na sense key, ile namba inayotaja aina ya kosa, ni 0. Sifuri, jamani. Kwa draivu hakuna kilichoharibika, ni wewe umekuja na kikombe kidogo.

Ripoti hiyo ikifika kwa draiva ya st kwenye Linux, yaani sehemu ya kerneli inayozungumza na tepu, ndipo inapochinjwa. Ukiwa kwenye modi ya saizi yoyote, utapewa ENOMEM. Ukiwa kwenye modi ya saizi moja, kosa lile lile la urefu linakuwa EIO. Kosa moja, majina mawili, na hakuna hata moja linalotaja neno "bloki". Kuna watakaokuja hapa kusema "kasome mwongozo." Nimesoma. Mwongozo wa st unasema wazi kwamba ENOMEM ni pale unapoomba baiti chache kuliko bloki inayofuata, na kwamba kabla ya Linux 2.2.18 na 2.4.0 baiti zilizozidi zilikuwa zinatupwa kimya kimya bila kosa lolote. Kwa hiyo hii ENOMEM ndiyo maendeleo! Mtu aliyerejesha bekapu zama hizo kwa bafa ndogo, yaani akiomba baiti chache, alipata faili zenye mapengo na akashukuru.

Na ndiyo, najua kerneli inaandika kwenye logi yake saizi ya bloki na saizi uliyoomba, zote mbili. Niliikuta huko saa nane usiku. Ukweli uko chumba cha ndani, mlangoni kawekwa mwongo.

Haijaisha. Nilipojua saizi nikaipa tar -b 512, yaani vipande 512 vya baiti 512, ambayo ni bloki za 262,144 kamili. Ikajibu kwamba hii haionekani kuwa faili ya tar. Nilitaka kulia. Kumbe kwa kuwa natumia /dev/nst0, jina la draivu ambalo halirudishi mkanda mwanzo ukifunga, kila jaribio langu lililoishia kwa ENOMEM lilikuwa limeruka bloki moja. Nilikuwa nimeshajaribu hivyo mara nne, kwa hiyo naanzia bloki ya tano, katikati ya faili la mtu. Nikapiga mt rewind, nikasoma tena, ikatiririka.

Njia ninayotumia sasa, kwa aliyekwama: setblk 0, rewind, halafu dd, amri ya kunakili data, yenye bs=1M na count=1, yaani soma mara moja kwa hadi MB 1. Ukiomba kikubwa kuliko bloki, st haikupi kosa, inakupa bloki nzima na idadi ya baiti unaiona. Rewind tena kabla ya kusoma kweli.

Lakini hoja yangu iko palepale. EIO hiyo hiyo utapewa kama mkanda umeharibika kweli, yaani sense key 3. Utapewa kama draivu yenyewe ina hitilafu, sense key 4. Utapewa ukiendelea kusoma baada ya data kuisha, sense key 8, mkanda ukiwa mzima kabisa. Utapewa pia kama draivu ilipigwa reset na st haijui tena mkanda uko wapi, mpaka uurudishe mwanzo. Draivu imetenganisha mambo haya yote kwa namba, mtu wa kati anayasaga kuwa unga mmoja. Halafu mkuu wa kitengo anasoma unga.

Hesabu ya leo: kanda 11 zimesomeka mwanzo hadi mwisho. Mbili zimeshapondwa. Moja iliyobaki nimeitazama kwenye logi, ni sense key 3 na kodi 11h, hitilafu ya kusoma isiyorekebishika, na draivu ilihangaika kuisoma mara nyingi, mkanda unaenda na kurudi, kabla ya kukata tamaa. Hiyo imekufa kweli. Kwenye skrini imeandikwa EIO.